Kikohozi katika Wimbo wa Nane

Watu wachache walioisikiliza albamu yangu mpya huniuliza swali moja. Hawaulizi habari za vidole vyangu, ambavyo kwa umri wangu vingestahili sifa kidogo, hata za adabu tu. Hawaulizi kwa nini mtu wa Goma anapiga jazi laini katika mji ambao kila dirisha linatoa rumba au nyimbo za kanisa. Wanauliza: ni nani huyo anayekohoa katika wimbo wa nane? Mmoja aliniambia kwa huruma kwamba siku hizi kuna mashine za kufuta makelele ya namna hiyo. Nilimjibu kwamba nazijua, nikabadili mazungumzo, maana mimi ni mwepesi wa hasira na yeye alikuwa mgeni wangu.

Nyimbo saba za kwanza hazina kikohozi. Nilizipiga nikiwa nimevaa kaske, vile visikizio vikubwa vinavyofunika masikio yote mawili, na mtu ambaye angesimama karibu nami asingesikia kitu isipokuwa vidole vikigonga plastiki. Tok, tok, tok. Nilikuwa natengeneza albamu ya kurudi baada ya miaka mingi ya kunyamaza, lakini sikuwa na ruhusa ya kusikika. Ruhusa yenyewe haikuwa ya serikali wala ya waasi. Ilikuwa mikononi mwa mama wa mke wangu.

Mimi ni mtoto wa karani, mtu wa upande wa Bukavu aliyehamishiwa Goma akazeekea hapo. Kinanda nilijifunza parokiani, kwa padri aliyekuwa akinipiga rula kwenye vidole kila nilipoongeza noti ambazo hazikuandikwa. Nilikuwa naziongeza kwa makusudi. Halafu ukaja mwaka wa wakimbizi, watu walipovuka mpaka kutoka Rwanda siku nzima, usiku kucha, wiki nzima, mpaka barabara zikawa hazionekani. Kipindupindu kikaingia. Tulikuwa tunapita kando ya maiti zilizofungwa mikeka tukienda kutafuta maji. Na katika hoteli za kando ya ziwa walijaa wageni wa misaada, wamechoka, wanataka chakula cha jioni na kitu laini masikioni. Nina aibu kulisema, lakini mwaka ule mbaya kuliko yote ndio ulionipa kazi.

Mgeni mmoja aliniachia kaseti isiyo na jalada. Nilijifunza kila kitu kilichokuwamo kwa sikio, kabla hata sijajua muziki wa namna hiyo unaitwaje. Baada ya miaka michache nilitoa kaseti yangu mwenyewe, na picha yangu juu yake nimevaa tai. Mke wangu aliisikiliza mpaka mwisho, pande zote mbili, akasema, "Muziki yako ni ya batu benye kushiba."

Alikuwa Munande, mzaliwa wa Kiwanja, mji mdogo upande wa Rutshuru, mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya, na aliuza vitenge Mabanga, mtaa wetu wa Goma. Hakuwa mtu wa kunisifu. Lakini siku volkano ilipoteremka mjini na watu wote tukakimbia, mimi nilibeba godoro, yeye akabeba kinanda kichwani mpaka ng'ambo ya mpaka. Nilipomuuliza njiani kwa nini asiache mzigo ule, alinijibu kwamba godoro hununuliwa. Nyumba ikaungua, vitenge vikaungua, kaseti zangu zote zikawa chini ya mawe, pamoja na tai yangu. Kilichobaki ni kinanda, kwa sababu ya shingo yake.

Hatukupata mtoto. Nalitaja sasa ili msinihurumie baadaye.

Miaka ikapita, vita moja ikizaa nyingine. Nilipiga pale walipokuwa wakinihitaji, na hawakuwa wengi. Halafu mke wangu akapanda kwenda Kiwanja kumwona mama yake. Wiki ile simu zilikuwa zimekatika upande wa Rutshuru. Ijumaa mchana dereva mmoja wa lori la Fuso alikuja mpaka mlangoni kwangu, akavua kofia, na alipoivua tu nikajua. Malaria ilimchukua mke wangu kwa siku nne. Wangemzika kesho yake, Jumamosi mchana.

"Asubui mapema ninarudia," dereva akaniambia. "Nitapita kukubeba. Fasi yako iko mbele, pembeni yangu."

Hapa ndipo panaponiuma, kwa hiyo nitasema haraka. Jumamosi ile ile nilikuwa na harusi ya kupiga, katika hoteli kubwa. Sikuwa na shida ya pesa, na hata ningekuwa nayo nisingeiweka mbele. Ilikuwa majivuno. Tangu volkano, ile ilikuwa mara ya kwanza mtu kunitaka mimi kwa jina langu, si "mutu wa kinanda" yeyote. Walikuwa wamebandika karatasi mlangoni mwa hoteli na jina langu kwa herufi kubwa. Usiku ule sikulala. Nililia, ni kweli nililia, na kati ya kilio na kilio nilikuwa nahesabu: nipige Jumamosi, niende Jumapili, nikae kaburini wiki nzima. Wafu hawana haraka, nilijiambia. Asubuhi dereva alipogonga nilimfungulia nimejifunika blanketi, nikamwambia nina homa kali, atangulie. Akanitazama, akatazama uani, akaniambia pole. Lori likaondoka na kiti kitupu.

Jumapili barabara ikafungwa. Mapigano yalianza alfajiri juu ya Kibumba, kwenye njia hiyo ya Kiwanja, na hakuna gari lililopita kwa miezi. Asiyekuwapo na lake halipo, husema watu, na mimi sikuwapo.

Sasa niseme juu ya desturi. Kwa ukoo wa mke wangu, mgane hajitoi kwenye kilio mwenyewe. Anasubiri upande wa marehemu. Siku wakikubali wanaleta wembe na maji, ananyolewa, anavaa shati jipya, watu wanakunywa kasiksi, pombe ya ndizi, na mkubwa wao anasema mbele ya shahidi: mtu wetu amelala, huyu tumemwachia. Mpaka siku hiyo haoi, hachezi, hapigi muziki. Kwetu tunaita kutosha kilio, yaani kumtoa mtu katika kilio. Na mtu ambaye hakutupa udongo kaburini analazimika kwanza kufika kwa wakwe, aeleze.

Nilikifunika kinanda kwa shuka. Barabara ikafunguliwa, ikafungwa, ikafunguliwa tena kwa majuma machache, na kila ilipofunguliwa nilipata sababu ya kutopanda lori. Mara mguu, mara waasi, mara mvua. Kwaya ikaniomba nirudi kwenye ogani, nikasema bado niko katika kilio. Watu wakaniheshimu sana. Wanawake wa Mabanga waliwaonyesha waume zao: mnaona papa yule, miaka yote hii hajagusa kinanda, huo ndio upendo. Nami nilikuwa nainamisha kichwa na kupita. Majuto ni mjukuu. Mimi sikuzaa mtoto, lakini mjukuu huyo alinipata hata hivyo, akakaa nyumbani kwangu, akala nami.

Upweke wenyewe sijui kuusimulia vizuri. Nilikuwa napika ugali wa mtu mmoja na kila mara unazidi. Nilizungumza na redio. Ukuta wa mbao wa jirani ulikuwa unapitisha sauti zote, nikajua ugomvi wao, sala zao na homa za watoto wao, na wao kutoka kwangu hawakusikia chochote.

Aliyenitoa humo, nusu, alikuwa mwanamke mwenye studio ndogo Katindo, karibu na kambi ya wanajeshi. Aliimba zamani na mke wangu katika kwaya, akafiwa na mumewe, akanunua mashine za kurekodi, na sasa kazi yake ilikuwa matangazo ya redio na wahubiri. Siku moja alikuja na kaske mkononi, akanining'inizia shingoni bila kuniomba.

"Kilio ni ya masikio ya batu," akasema. "Kama hakuna mutu anasikia, haiko muziki. Ni mazoezi ya vidole."

Nilikuwa nimesubiri miaka mingi mtu aniletee uongo mzuri kiasi hicho. Nikaupokea kwa mikono miwili. Umeme ukiwapo mchana, nilifunga mlango, nikavaa kaske, nikapiga. Vidole vilikuwa vimekuwa vigumu kama kuni mbichi. Baada ya miezi vikalegea. Na huko studio tulirekodi kwa waya moja kwa moja, kutoka kinanda mpaka mashine, bila kipaza sauti, maana ukiweka kipaza sauti Katindo tarumbeta ya askari inaingia. Yeye alisikia kwa kaske yake, mimi kwa yangu. Tulikuwa watu wawili chumbani, na chumba kikawa kimya. Hivyo ndivyo nyimbo saba zilivyotengenezwa. Nikizisikiliza leo ninaona ni nzuri, zimenyooka, na hazina hewa.

Alipomaliza kuzipanga akataka tuzitoe. Alikwisha kuzungumza na redio mbili na kuomba ukumbi wa parokia. Nikamwambia haiwezekani. Kupiga chumbani na kaske ni jambo moja. Kusimama ukumbini mbele ya Mabanga nzima, mimi niliyesifiwa kwa kilio changu, ni jambo lingine. Ukweni hawajaniachia.

"Utangojea mpaka lini? Barabara ifunguke?"

"Mpaka waniachilie."

"Basi utatoka na album mbinguni," akasema, akazima mashine. Hakunipigia simu tena kwa muda mrefu.

Barabara haikufunguka. Iliyokuja ilikuwa vita tena, na safari hii ikawasukuma watu wote wa upande ule hadi kwetu. Walishuka kutoka Kiwanja, Rutshuru na Kibumba, na magodoro, na mbuzi, na masufuria ya moto bado, wakajaa Munigi, nje kidogo ya mji, juu ya mawe ya volkano, mahali ambapo hata kigingi cha hema hakiingii. Ndipo nikapata habari kwamba mama mkwe wangu yuko huko.

Nilimkuta ameketi mlangoni mwa hema la shitingi, yale maturubai meupe ya misaada, ambalo yeye mwenyewe hakuweza kusimama ndani yake. Alikuwa amezeeka mpaka mifupa. Hakunipa mkono, na sikuutazamia: mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawali sahani moja, hawalali chini ya paa moja. Alitazama pembeni kama inavyotakiwa.

"Umekonda, mukwe," akasema.

"Mama, twende ku nyumba. Iko fasi ya kulala."

"Mimi nilale mu nyumba ya mukwe? Batu batasema nini?"

"Batu gani, mama? Batu bote bako hapa mu matente."

"Hapa njo bataniona nikienda."

Nilirudi peke yangu. Nikarudi Munigi tena na tena, na unga, na mkaa, na dawa ya kikohozi, kwa sababu tayari alikuwa anakohoa. Habari ya kilio sikuithubutu. Baada ya majuma matatu mvua kubwa ikanyesha siku mbili mfululizo, na siku ya tatu asubuhi pikipiki ikasimama mlangoni kwangu. Alikuwa juu yake, na beseni, na mkeka, na jembe. Jembe, Mabanga, ambako uani kwangu kuna jiwe jeusi tupu! Sikucheka. Nililipokea nikalisimamisha ukutani.

Tulifanya kama tulivyoweza ili tusivunje desturi yote kwa siku moja. Nilitundika pazia katikati ya nyumba, kitenge cha mwisho cha mke wangu, cha bluu na manjano, chenye tundu dogo la pasi ambalo lilimfanya ashindwe kukiuza. Yeye upande wa dirisha, mimi upande wa mlango. Nilimpikia, nikaweka sahani chini ya pazia, nikaenda kula uani. Tulizungumza kupitia kitambaa. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka kulikuwa na mtu anayekohoa nyumbani kwangu, na nakiri kwamba nilipenda kusikia kikohozi hicho. Sikupona upweke, lakini ulipata jirani.

Mchana, umeme ukija, nilivaa kaske na kupiga. Sikuweza kuacha tena. Nilidhani amelala.

Siku moja akauliza, "Uko unatwanga nini kila siku, mukwe?"

"Ni kazi, mama."

"Sawa."

Nikajiona mtoto mdogo. Niliivua kaske, nikakaa nikitazama pazia. Upande wa pili nilikuwa nasikia maharage yakidondoka ndani ya beseni moja moja, alikuwa anayachambua. Nikaona kwamba kama sitasema sasa, huyu mama atarudi kwao au atakufa kwa kikohozi chake, na mimi nitabaki mgane wa kupigiwa mfano, na kinanda kinachogonga kama kuku anayedonoa bati, mpaka nife.

"Mama," nikasema, "ninaomba munitoshe mu kilio."

Maharage yakanyamaza.

"Juu ya nini leo?"

"Nilifanya muziki. Nyimbo saba. Siwezi kuzitosha inje kama hamujaniachilia."

"Njo ile unatwangaka?"

"Njo ile."

"Nilifikiri uko unatengeneza viatu." Akakohoa. "Nitakuuliza kintu moja. Siku tulimuzika, barabara ilikuwa ya kufunga?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nimeshalitoa kwa padri, kwa kwaya, kwa majirani, kwa kila aliyenipa pole: barabara ilifungwa. Lilikuwa pungufu ya ukweli kwa siku moja tu, na siku moja si kitu, unaweza kuificha chini ya ulimi miaka na miaka. Nilifungua mdomo nikakuta jibu lile halitoki.

"Hapana, mama. Siku ile ilikuwa wazi. Ilifungwa kesho yake."

"Na ulikuwa mugonjwa?"

"Sikuwa mugonjwa. Nilipiga muziki ku harusi."

Nikangoja anitukane. Ningefurahi kama angenitukana.

"Ninajua," akasema. "Ule dereva ni mutoto wa dada yangu. Alifika na kiti bule, akatuambia uko na homa. Tukakuombea. Pale pale ku kaburi, padri akasema tusali juu ya bwana yake, Mungu amuponyeshe homa, na sisi wote tukaitika. Kilio ilipoisha, dereva akanifwata mimi peke yangu, akasema aliona kostime yako ku kamba, ya kupiga pasi."

Nilitazama chini nikaona nimevaa kandambili ya kushoto tu. Walikuwa wameniombea. Mke wangu yuko ndani ya sanduku, kwaya ya kijiji na mama yake wamesimama juu ya udongo, na wakati wanaomba Mungu anishushie homa mimi nilikuwa nafunga tai mpya.

"Miaka hii yote, mama, ulijua?"

"Sikuambia mutu."

"Juu ya nini?"

"Batu bangekuchukia. Mimi nilitaka kukuchukia peke yangu."

Akarudi kwenye maharage yake. Baada ya kuchambua kama konzi moja hivi akasema, kwa sauti ya mtu anayetuma mtoto sokoni, "Kesho ita shahidi. Na ununue wembe."

Nilikwenda Katindo kwa miguu. Mwenye studio alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni, bado ana kinyongo, na nilipofika kwenye kostime, ile suti iliyopigwa pasi, akaketi. Yeye pia alikuwa mmoja wa wale waliokuwa wakiniheshimu. Kesho yake alasiri alikuja, na kasiksi katika kidumu cha njano, na begi la mashine zake, kwa sababu alikuwa anatoka kurekodi mhubiri.

Tukakwama hapo hapo. Anayetakiwa kushika wembe ni mtu wa upande wa marehemu. Kaka zake mke wangu mmoja amekufa, mwingine hajulikani alikimbilia wapi. Aliyebaki ni mama, na mama mkwe hawezi kugusa kichwa cha mkwe wake, hata dunia iwe imepinduka. Mwenye studio akajitolea. Mama akakataa kutoka nyuma ya kitenge: yeye ni shahidi, shahidi hashiki wembe. Mwishowe wembe ukatoka chini ya pazia, umewekwa juu ya sahani, pamoja na kikombe cha maji.

"Ujinyoe," akasema. "Nitakuambia."

Sijapata kusikia mgane aliyejinyoa mwenyewe. Niliketi kwenye kigoda na kipande cha kioo magotini, nikajipaka sabuni, nikaanza. Yeye alikuwa ananiongoza kwa sauti.

"Upande wa sikio, umeacha. Nyuma. Nyuma zaidi. Pole pole, unajikata."

Nilikuwa nimefika kisogoni ndipo nikashtuka: anaona. Lile tundu la pasi. Siku zote zile alikuwa ananiona, na maneno ya viatu yalikuwa mzaha tu; ananiona nikiwa nimevaa kaske, nikitikisa kichwa kwa muziki ambao haupo, mzee mzima anayetwanga ubao. Mwenye studio akageukia ukuta ili asicheke, na mimi mwenyewe nikacheka, kidogo, na damu ikinitiririka shingoni. Kisha nikaoga, nikavaa shati jipya. Tukamiminiwa kasiksi, yeye kikombe chake chini ya pazia. Mwenye studio akasimama, ili asikie maneno.

"Mutu wetu analala," mama akaanza.

Akakoma. Nilikuwa nimeinamisha kichwa changu kipya, baridi inanipiga.

"Bado," akasema. "Kwanza unipigie ile ulipiga ile siku. Ile saa tulikuwa tunamutia mu udongo."

Mwenye studio alinitazama nikaona anataka kuniombea nisamehewe hilo. Lakini nilikuwa naujua wimbo. Kwa miaka sikuwahi kuupiga, hata kwa kaske. Nilikiondolea kinanda shuka, nikaona ule waya wa kaske umechomekwa mahali pake, nikauchomoa. Spika zake ni ndogo na moja ina mkwaruzo. Mwenye studio, bila kuuliza, kwa mazoea ya kazi, aliweka kipaza sauti juu ya meza. Mlango ulikuwa wazi.

Nilipiga. Sauti ilinitisha, ilikuwa kubwa mno, ilikuwa inatoka nje kwenda kwa watu. Nje mtu aliyekuwa anapasua kuni akaacha. Nilikosea mara mbili katika kipande ambacho zamani ningekipiga usingizini. Ni wimbo wa taratibu sana, wa mkono wa kushoto kutembea na wa kulia kusema kidogo kisha kunyamaza. Nilipomaliza nilibaki nimeshika noti ya mwisho mpaka ikafa yenyewe.

Pazia halikutikisika.

"Kumbe ni ya pole hivi," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Mimi miaka hii yote nilijua mulikuwa munacheza. Kila nikifunga macho ninawaona kule Goma munacheza, munaruka, na wewe uko unawachezesha."

"Hawakucheza, mama. Ile saa walikuwa wanakula."

"Walikuwa wanakula." Akalitafuna neno lile. "Na nani alikuwa anakusikiliza?"

Nikaukumbuka ukumbi. Vijiko. Watu wanaitana kutoka meza hadi meza. Bwana harusi amenipa mgongo. Karatasi yenye jina langu, imelowa mvua, mlangoni.

"Hakuna mutu, mama."

Nilisikia beseni likisogezwa, na mkeka, na nikajua amesogea karibu na kitenge.

"Basi rudilia," akasema. "Mimi ninasikiliza."

Nikarudia tangu mwanzo. Safari hii sikukosea. Karibu na mwisho, pale mkono wa kulia unaponyamaza, akakohoa mara moja, akajizuia, akaniacha nimalize. Huo ndio wimbo wa nane. Baada ya noti ya mwisho mashine iliendelea kurekodi, na maneno ya kuniachilia aliyosema hapo yalinaswa yote, kutoka mwanzo wake hadi pale alipokuwa amekomea, na kupita hapo mpaka mwisho. Mwenye studio aliniuliza kama akate kikohozi. Nikamwambia akiache kikohozi, akate maneno. Hayo aliniambia mimi.